Dalali, wakala au mwenye hati ya uwakilishi: nani akuuzie mali usipokuwepo

Mtanzania mmoja anayefanya kazi Muscat ana kiwanja chake Kibaha, na mdogo wake analima mpunga Mbarali, mkoani Mbeya. Wote wawili wanataka kuuza, na hakuna hata mmoja atakayekuwepo siku ya mauzo. Wa kwanza anashauriwa na jamaa zake ampe dalali, wa pili anaambiwa apeleke mchele kwa wakala wa Tandale, Dar es Salaam, naye mjomba wao aliyestaafu kazi ya ofisini anasisitiza kwamba bila hati ya uwakilishi, yaani maandishi ya kumruhusu mtu asaini kwa jina lako, hakuna kitakachokwenda. Ndugu hao ni wa mfano tu, lakini mashauri wanayopewa ndiyo yale yale yanayotolewa kila siku mabarazani. Kasoro yake ni kwamba maneno dalali, wakala na mwakilishi hutumiwa kana kwamba ni majina matatu ya mtu mmoja, ilhali kila moja hubeba kiasi chake cha madaraka juu ya mali ya mtu asiyekuwepo.

Wengi huanza kuchagua kwa kuuliza nani mwaminifu. Swali hilo lina nafasi yake, ila lije la pili. La kwanza ni kujiuliza neno la nani, au saini ya nani, itanifunga mimi mwenye mali hata nikiamka kesho nikijuta. Ukilijibu hilo kwa kila mmoja wa watu hawa watatu, uchaguzi unakuwa nusu umekwisha.

Yanayowahusu wote watatu

Sheria ya Mikataba ya Tanzania Bara, Sura ya 345, katika kifungu cha 134, inamtambua wakala kuwa ni mtu aliyewekwa kufanya jambo kwa ajili ya mwingine au kumwakilisha mwingine katika shughuli zake na watu wa nje. Aliyemweka nitamwita humu mwenye mali, kwa wepesi, ingawa wakati mwingine ndiye anayetafuta kununua. Wakala akitenda ndani ya mipaka ya madaraka aliyopewa, tendo lake huhesabiwa kuwa ni la mwenye mali, na yeye mwenyewe, kwa kawaida, hashitakiwi kwa mkataba alioufunga kwa niaba ya mwingine. Wahenga walisema mjumbe hauawi, na sheria iko karibu sana na kauli hiyo, isipokuwa imeiwekea masharti. Mjumbe aliyeficha jina la aliyemtuma, au aliyefunga mauziano ya bidhaa kwa niaba ya mfanyabiashara anayeishi nchi ya nje, huchukuliwa kuwa amejifunga mwenyewe mpaka ionekane kuwa walipatana vingine.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba uwakala hauhitaji malipo ili uwe halali, wala hauhitaji karatasi. Unaweza kutokana na maneno ya mdomo, na unaweza hata kutokana na mwenendo. Mpwa uliyemwachia funguo za duka, anayeagiza bidhaa kwa jina lako mwezi baada ya mwezi nawe unalipa bila kuuliza, ni wakala wako ingawa hamkuwahi kulitamka neno hilo. Siku utakayokataa kulipa, yule mwenye ghala aliyezoea kumkopesha atakukumbusha malipo ya miezi iliyopita, na mahakama itamsikiliza.

Kanuni hizi zina ukoo wake. Tanganyika na Kenya zote zilitumia Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, kisha, ulipofika mwaka 1961, zikaachana njia. Tanganyika ilitunga sheria yake iliyofuata sura na mpangilio wa ile ya India, na Kenya, kwa sheria ambayo leo ni Sura ya 23, ikaamua kufuata sheria ya Uingereza itokanayo na maamuzi ya mahakama. Zanzibar nayo ina sheria yake ya mikataba. Kwa hiyo Mtanzania wa Bara hupata kanuni za uwakala zikiwa zimeandikwa kifungu kwa kifungu, na Mkenya huzisaka ndani ya mashauri, baadhi yake ya zamani sana. Mara nyingi wote wawili hufika mahali pamoja, ndiyo maana sitaona haya kutaja hapa mashauri ya Waingereza, ambayo mahakama za Dar es Salaam nazo huyasikiliza, ingawa hazilazimiki kuyafuata.

Dalali

Dalali wa viwanja na nyumba ni mkutanishi. Anamleta mnunuzi, anampitisha kwenye mipaka, anataja bei, anapatanisha, na kazi yake inaishia hapo. Hasaini mkataba wa mauziano, na bei anayoitaja ni mwaliko wa kuzungumza. Hilo ndilo linalomfanya awe wa hatari ndogo kuliko wenzake, kwa kuwa hata akisema uongo mkubwa, kiwanja hakijatoka mikononi mwako. Tena kwa upande wa ardhi unalindwa mara mbili, kwa sababu Sheria ya Ardhi ya Tanzania, Sura ya 113, inataka mkataba wa kuhamisha haki ya kumiliki ardhi uwe wa maandishi, na Kenya nayo inataka hivyo hivyo, ikaongeza kwamba saini za wahusika zishuhudiwe.

Hatari yake huanza pale mwenye mali anapomkuza bila kujua. Ukimwambia mnunuzi kwa simu, "Malizana na dalali, nitakubali chochote," umemvika dalali joho ambalo hukukusudia kumpa. Sheria huyaita haya madaraka ya kuonekana. Mtu wa nje akiamini, kwa sababu ya maneno au mwenendo wako wewe, kwamba huyu ana uwezo wa kukufunga, huwezi baadaye kumgeuka kwa hoja ya makubaliano yenu ya chumbani. Zingatia kwamba imani hiyo sharti itokane na wewe. Majigambo ya dalali peke yake hayatoshi, na mnunuzi aliyempa dalali arubuni ya shilingi milioni 2 kwa sababu dalali mwenyewe alidai anaruhusiwa kupokea fedha, atamdai huyo dalali, hatakudai wewe.

Kuhusu ujira wake, ugomvi ni ule ule tangu enzi. Dalali ameleta mnunuzi, mwenye mali amebadili nia, je, dalali alipwe? Shauri linalotajwa sana ni la mwaka 1941, la Luxor dhidi ya Cooper, ambapo mtu alikuwa ameahidiwa pauni 10,000 iwapo mauzo ya majumba ya sinema yangekamilika. Mauzo hayakukamilika kwa kuwa wenye majumba walijitoa. Majaji wa Baraza la Mabwana, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, walikataa kumlipa, na mmoja wao aligusia kwamba fedha hizo zililingana na mshahara wa mwaka mzima wa Lord Chancellor, aliyekuwa mkuu wa mahakama za huko, kwa kazi ya siku 8 au 9, hivyo mtu anayewania zawadi kubwa kiasi hicho hana budi kuikubali na hatari yake. Dalali wa kwetu huenda asiifurahie hoja hiyo, na mimi naona ina ukali kidogo kwa mtu aliyelipa nauli za bodaboda mwezi mzima. Dawa yake ni kuandika mapema. Ikiwa ujira unatokana na kumleta mnunuzi aliye tayari, isemwe hivyo. Ikiwa unatokana na fedha kuingia, isemwe hivyo.

Kuna na suala la madalali wanne katika kiwanja kimoja. Umempa mmoja wa Kibaha Maili Moja, yeye kamwambia wa Mbezi, wa Mbezi kamwambia wa Kariakoo, na siku ya kusaini wamekuja wote wamekaa kwenye kochi. Kanuni ni kwamba wakala hawezi kumkabidhi mwingine kazi aliyokubali kuifanya yeye mwenyewe, isipokuwa desturi ya biashara au asili ya kazi inaruhusu. Madalali hudai desturi inaruhusu, na kwa jinsi mji unavyokwenda sioni kwamba wanasema uongo. Lakini desturi hiyo haikufanyi ulipe mara nne. Uliyepatana naye ni mmoja, na waliobaki wapatane naye yeye, kwani ndiye aliyewaita. Kenya imejaribu kuinyoosha hali hii kwa Sheria ya Mawakala wa Majengo na Ardhi, Sura ya 533, inayomtaka anayeifanya kazi hiyo aandikishwe kwenye bodi. Tanzania Bara anayesimamia mnada anahitaji leseni ya udalali wa mnada, lakini anayekutembeza Kigamboni kutafuta chumba mara nyingi ana simu na miguu tu. Huyo wa vyumba, kwa kawaida ya Dar es Salaam, hulipwa na mpangaji kodi ya mwezi mmoja. Mwenye nyumba anapaswa kujiuliza kama mtu anayelipwa na upande wa pili ni wakala wake kweli. Akilipwa na pande zote mbili bila pande hizo kujua, amekwisha kuvunja wajibu wake.

Wakala mwenye bidhaa mkononi

Neno wakala siku hizi, kwa kijana wa mjini, humaanisha kwanza kibanda cha kutoa na kuweka fedha za simu, huduma ambayo Kenya iliianza mwaka 2007 na Tanzania ikafuata. Huyo ni wakala wa kampuni, si wako wewe unayetoa fedha. Anaifunga kampuni anapofanya huduma za kampuni kwenye mtambo wa kampuni, lakini ukimwachia fedha akuwekee hadi jioni kwa sababu mtandao uko chini, umemwamini yeye binafsi, na kampuni haimo.

Ninayemzungumzia hapa ni yule wa Tandale. Mchele unashushwa usiku, unahesabiwa gunia kwa gunia, unaingia ghalani mwake, naye ndiye anayeuza, anayepokea fedha, anayekata kamisheni na gharama za ghala na wapagazi, kisha anakutumia kilichobaki. Tofauti yake na dalali iko wazi. Huyu anashika bidhaa, na akiuza ameuza. Mnunuzi aliyelipa na kuondoka na magunia 40 hahitaji kukutafuta wewe Mbarali, na ikiwa wakala aliuza chini ya bei uliyomwekea bila mnunuzi kujua kikomo hicho, mchele umekwenda, na dai lako ni dhidi ya wakala.

Kwa hiyo huyu ndiye anayehitaji maagizo ya wazi kuliko wote. Sheria inamtaka afuate maelekezo yako, na usipompa maelekezo afuate desturi ya biashara ile mahali pale. Tuchukue mali kauli, yaani kumpa mnunuzi mzigo kwa ahadi kwamba atalipa akiuza. Kama hukusema lolote na desturi ya soko lile ni kuuza taslimu, wakala aliyetoa mali kauli kwa mteja wake mkubwa, hata awe na sifa njema namna gani, analipa mwenyewe mteja huyo akifilisika. Lakini kama soko zima huishi kwa mali kauli nawe ulinyamaza, hasara inaweza kukurudia. Sentensi moja katika ujumbe wa simu, "Usitoe mali kauli, na usishuke chini ya bei hii bila kunipigia," ina thamani kuliko udugu wenu wote, na tarehe yake inabaki kwenye simu.

Upo wakati wakala anaruhusiwa kuvuka maagizo. Lori la nyanya limepakia Ilula, Iringa, linakwenda Dar es Salaam, gia zikaungua kwenye mteremko wa Kitonga, na fundi anasema kipuri kitafika kesho kutwa. Juani, nyanya za chini zimeanza kutoa maji, tenga zimelowa. Msimamizi wa mzigo aliyeagizwa asiuze njiani anaweza kuziuza Ruaha Mbuyuni kwa bei atakayoipata, kwa sababu katika dharura sheria humruhusu wakala kufanya lile ambalo mtu mwenye busara ya kawaida angelifanya kuokoa mali yake mwenyewe. Kuna shauri la nyanya vilevile, la Springer dhidi ya Great Western Railway, lililoripotiwa mwaka 1921. Nyanya zilikuwa zinatoka visiwa vya Channel kwenda London, zikacheleweshwa na hali ya bahari na mgomo wa wafanyakazi wa reli, na kampuni ya reli ikaziuza njiani. Kampuni ilishindwa. Haikushindwa kwa sababu nyanya hazikuwa zikiharibika, ilishindwa kwa sababu ilikuwa na nafasi ya kumuuliza mwenye mali na haikumuuliza. Kama mwaka ule hoja ya mawasiliano ilikuwa na nguvu kiasi hicho, msimamizi wa leo mwenye simu mfukoni na mtandao unaoshika atapata tabu kueleza kwa nini hakupiga.

Wakala huyu ana haki zake pia. Anaweza kukata ujira na gharama zake halali katika fedha alizopokea kwa ajili yako, na anaweza kuushikilia mzigo au nyaraka zako mpaka umlipe anachokudai kwa kazi hiyo. Umfidie pia kwa hasara aliyoipata katika kutekeleza agizo lako halali. Kwa upande wake, sharti aweke hesabu na azitoe anapoulizwa. Ambaye kila akiulizwa hesabu anajibu kwa jumla, "Biashara ilikuwa ngumu kaka," amekwisha kukupa sababu ya kumwacha.

Angalizo moja kabla ya kumwacha Tandale: baadhi ya wanaojiita mawakala ni wanunuzi. Anakupa bei ya gunia shambani, anakulipa au anaahidi kukulipa bei hiyo, na anachouzia mjini ni chake. Huyo hana wajibu wa kukupa hesabu wala wa kukuambia aliuza kwa ngapi, na mchele ukiloa njiani ni wake. Jina analojiita halibadilishi kitu, kwani mahakama hutazama nani anabeba hatari ya bei kupanda na kushuka. Kwa mkulima anayetaka fedha ya ada za shule wiki hii, kuuza moja kwa moja kwa mnunuzi wa namna hiyo kunaweza kuwa uamuzi bora kabisa, mradi ajue kwamba ameuza, hajamtuma mtu.

Mwenye hati ya uwakilishi

Hapa ndipo madaraka yanapokuwa makubwa kuliko yote. Hati ya uwakilishi ni maandishi ambayo kwayo unampa mtu uwezo wa kusaini kwa jina lako, na mbele ya Msajili wa Hati saini yake itakuwa na uzito wa saini yako. Dalali akikosea umepoteza muda, wakala wa Tandale akikosea umepoteza shehena, lakini mwenye hati akikosea unaweza kurudi kutoka Muscat ukakuta nyumba ya mtu kwenye kiwanja chako, naye ana karatasi zote.

Mjomba mstaafu ana haki kwa sehemu. Kwa ardhi iliyosajiliwa, asiyekuwepo na asiyeweza kutumiwa nyaraka akazisaini hukohuko aliko hana njia nyingine. Hati hiyo hushuhudiwa na mtu anayetambuliwa na sheria kwa kazi hiyo, aliye nje akipitia mthibitishaji wa nyaraka au ubalozi. Hulipiwa ushuru wa stempu, na husajiliwa kabla ya kutumika kuhamisha ardhi iliyosajiliwa. Lakini nikiri kwamba nimeona watu wakiagiza hati ya uwakilishi kama mtu anavyoagiza chai, wakinakili ya jirani yenye maneno "kufanya jambo lolote na kila jambo kuhusu mali zangu zote". Maneno hayo yanampendeza anayepewa.

Kinachomwokoa mwenye mali ni kwamba hati hizi husomwa kwa ukali. Uwezo wa kuuza hauwi uwezo wa kuweka rehani, na uwezo wa kukusanya kodi hauwi uwezo wa kuuza. Mwenye hati ya kuuza kiwanja namba fulani aliyekwenda benki kukopa kwa kiwanja hicho amevuka mpaka, na benki iliyoisoma hati hiyo haiwezi kusema haikujua. Mpaka huo una upande wa pili: ukipata habari kwamba amevuka, kisha ukapokea fedha na kunyamaza, utahesabiwa umeridhia. Tena kuridhia hakukatwi vipande. Huwezi kuchukua malipo ya awamu ya kwanza ukakataa masharti yaliyoyaleta.

Hati haiondoi ridhaa ya mwenzi. Nyumba ya ndoa, kwa Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, haiuzwi wala kuwekwa rehani na mwenzi mmoja bila ridhaa ya mwingine, na mwakilishi hawezi kupata kwako uwezo ambao wewe mwenyewe huna.

Kosa linaloumiza familia nyingi linahusu kifo. Baba mgonjwa anampa mwanawe mkubwa hati ya uwakilishi, baba anafariki, na mwana anaendelea kuuza, tena kwa nia njema, ili alipe deni la hospitali. Uwakala hufa pamoja na aliyeutoa. Kuanzia pale anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na mnunuzi aliyeonyeshwa hati ya marehemu amenunua kesi. Sheria inamlinda wakala na mtu wa nje kwa yale yaliyofanyika kabla hawajapata habari, lakini mwana aliyesimama makaburini hawezi kusema hakujua. Vivyo hivyo uwakala hukoma mmoja wao akipoteza akili timamu, au mwenye mali akitangazwa mufilisi.

Cha juu

Nimeliacha hili kwa sababu linawagusa wote watatu na ndilo linaloulizwa zaidi. Mwenye kiwanja anataka shilingi milioni 25, dalali anamwambia mnunuzi 28, na ile 3 inabaki mfukoni mwake. Mtaani hiyo ni cha juu, na wengi huiona kama akili ya biashara. Kisheria, faida ambayo wakala ameipata kwa siri kutokana na kazi ya mwenye mali ni ya mwenye mali, hata kama amepata bei aliyoitaka na hakupungukiwa na shilingi. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua shauri la FHR dhidi ya Cedar, lililotokana na ununuzi wa hoteli ya Monte Carlo Grand kwa Euro milioni 211.5. Kampuni iliyowakilisha wanunuzi ilikuwa imelipwa na muuzaji Euro milioni 10, bila kuwaeleza wanunuzi ipasavyo. Mahakama ilisema fedha hizo tangu zilipoingia zilikuwa mali ya wanunuzi. Kipimo cha Monte Carlo na cha Kibaha ni kimoja, sufuri ndizo zinazotofautiana.

Kinachohalalisha cha juu ni kukijua na kukikubali. Ukimwambia dalali, "Mimi nipe 25, cha juu ni chako," mmepatana, naye si mwizi. Binafsi siupendi mpango huo, kwani unamfanya mtu wako avute bei hadi mnunuzi mzuri akimbie, na unampa sababu ya kuwazuia ninyi wawili msionane. Asilimia inayojulikana ni bora. Mwenye hati ya uwakilishi, kwa upande wake, ana kishawishi kikubwa zaidi, nacho ni kujiuzia. Anasikia kwamba barabara itapita karibu, ananyamaza, kisha kiwanja kinanunuliwa na shemeji yake. Mwenye mali akithibitisha kwamba alifichwa jambo la maana kama hilo, anaweza kuyakataa mauzo hayo, ila ikiwa shemeji naye amekwisha kumuuzia mtu asiyejua lolote, kazi ya kukirudisha kiwanja itakuwa ndefu.

Kwa ndugu wawili wa Mbarali na Muscat

Mkulima ningempeleka kwa wakala mwenye ghala, kwa sababu mchele ni bidhaa ya kuuzwa kidogo kidogo na bei yake hubadilika ndani ya juma. Dalali tupu hatamsaidia, kwani hana pa kuuweka, na hati ya uwakilishi ni zana nzito mno kwa magunia. Apeleke kwanza shehena ndogo, aandike kikomo cha bei na katazo la mali kauli, na adai hesabu kila wiki, gunia kwa gunia, na siyo mwisho wa msimu.

Wa Muscat ningemshauri amtenganishe mtafuta mnunuzi na mwenye uwezo wa kusaini. Dalali atafute mnunuzi, kwa asilimia iliyoandikwa, bila ruhusa ya kupokea hata arubuni. Mkataba na fomu za uhamisho zitumwe kwake Muscat akasaini mwenyewe mbele ya mthibitishaji au ubalozini, jambo linalowezekana mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Hati ya uwakilishi iwe kwa dharura tu, na ikiwa lazima itolewe, apewe mtu asiye dalali, itaje kiwanja kimoja kwa namba yake, bei ya chini, tarehe ya mwisho, na akaunti ya benki ambayo malipo yataingia, iliyo kwa jina la mwenye kiwanja.

Akibadili nia kabla ya kuuza, asidhani kumpigia simu mwenye hati kunatosha. Kufutwa kwa uwakala humfikia kila mtu siku anapopata habari, kwa hiyo mnunuzi aliyeonyeshwa hati jana na hajaambiwa kitu leo bado anaweza kumfunga. Barua ya kuifuta iende kwa Msajili pale iliposajiliwa, nakala iende kwa kila aliyekwisha kuonyeshwa, na ile hati halisi yenye mhuri irudishwe mkononi mwake.